Pepo, Wazimu au Baba Mwenye Nyumba

Filamu ya siri nzito za familia inapoisha kwenye banda la video, watazamaji hawatoki na jibu moja. Kuna anayesema binti aliyenyamaza mwanzo hadi mwisho alikuwa na pepo. Kuna anayeapa kwamba karogwa na mke mdogo. Wengine wanasema ni mgonjwa wa akili tu, apelekwe hospitali. Ni nadra kumsikia anayeuliza kwanza baba yake alifanya nini. Mkanganyiko huu si kosa la watazamaji, wawe wa Kemondo au wa Kariakoo. Umezalishwa na filamu zenyewe, ambazo kwa zaidi ya miaka 20 zimetia hofu za namna tatu katika kasha moja na kuziuza kwa jina moja: filamu ya kutisha.

Swali linalohitaji kuchambuliwa ni kama filamu ya taharuki ya kisaikolojia, ile inayoiweka hofu ndani ya kichwa cha mtu na ndani ya kuta za nyumba yake, ina nafasi kwetu. Na kama inayo, imtumikie nani kati ya hawa: familia inayotaka kujisitiri, mfadhili anayetaka ujumbe, au yule aliyeumizwa na kunyamazishwa. Nimeichagua Kemondo na vijiji vya Bukoba na Muleba mkoani Kagera kama uwanja wa kulipimia swali hili kwa sababu ni miongoni mwa sehemu chache nchini ambako mambo yanayofichwa majumbani yameandikwa kwa wingi kiasi hiki, mahakamani na hospitalini.

Aina hii ni ipi hasa

Filamu ya kutisha ya kawaida inaleta tishio kutoka nje: jini, mfu aliyefufuka, muuaji asiyejulikana. Taharuki ya kisaikolojia inakunyima hakika. Hujui kama uyaamini macho ya mhusika, na hujui kama watu wanaompenda ndio wanaomlinda au ndio wanaomfunga. Alfred Hitchcock alilifanya jambo hili lipate umaarufu duniani mwaka 1960 kwa filamu ya Psycho. Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni Festen, filamu ya Denmark ya mwaka 1998 iliyoongozwa na Thomas Vinterberg. Familia imekusanyika kusherehekea miaka 60 ya baba. Mtoto wa kiume anasimama kutoa neno la pongezi, na badala yake anaeleza alivyotendewa na baba huyo utotoni, yeye na dada yake pacha aliyejiua. Kinachofuata ndicho kinachotisha: wageni wanashtuka kidogo, kisha wanaendelea na karamu. Hakuna damu wala kivuli. Kuna watu wazima wenye heshima zao wakiamua, mmoja mmoja, kwamba hawakusikia.

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo ataitambua karamu hiyo bila kuelezwa.

Ardhi ya Kemondo na mambo yanayozikwa humo

Kemondo ni bandari ya Ziwa Victoria kusini mwa mji wa Bukoba, kwenye barabara iendayo Muleba. Wengi nchini wanaikumbuka kwa jambo moja: MV Bukoba ilitia nanga hapo ikaongeza abiria na mizigo kabla ya kuzama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Ila ukiondoka gatini na kupanda juu kwenye migomba, unakutana na kitu chenye uzito mwingine. Ni kibanja. Nyumba iko katikati, migomba na mibuni imeizunguka, na makaburi ya babu na bibi yamo humohumo shambani, hatua chache kutoka mlangoni. Anayerithi kibanja anarithi na wafu wake. Kwa hiyo suala la mtoto huyu ni wa nani, au huyu mama aliolewa kweli au alikaa tu, haliishii kwenye umbea. Jibu lake ndilo linaloamua nani atalala wapi, akiwa hai na akifa.

Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha jinsi ambavyo mzigo huo ulimwangukia mwanamke. Katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza Agosti 1988 kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake akamshtaki, akidai mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilikuwa upande wa kijana: mwanamke aliruhusiwa kuitumia ardhi hiyo maishani mwake, si kuiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, akiketi Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kwamba ubaguzi huo hauwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Hukumu hiyo inasomwa mpaka leo katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Afrika. Mwandishi wa filamu aisome kwa jicho lake mwenyewe: shangazi na mpwa wake, kipande cha migomba kati yao, na ukoo mzima ukiangalia.

Kuna pia la maradhi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walionekana mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka minne baadaye utafiti ulikuta maambukizi kwa takriban asilimia 24 ya watu wazima mjini Bukoba. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda, na katika nyumba nyingi ndilo jina pekee lililotamkwa kwa sauti. Mengine yalisemwa kwa kuzunguka: kifua, malaria iliyokataa dawa, mkono wa jirani. Kizazi kizima cha yatima kilikua kikijua kaburi la mzazi lilipo bila kuambiwa alikufa kwa nini.

Na kuna Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walianza kucheka na hawakuweza kuacha. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, mwalimu hata mmoja hakupatwa. Shule ilifungwa Machi 18, wasichana wakarudishwa makwao, na hali hiyo ikawafuata: kijijini Nshamba peke yake watu 217 waliguswa ndani ya Aprili na Mei. Kwa Kihaya iliitwa enwara yokusheka. Uvumi ulisema hewa imetiwa sumu na mabomu ya nyuklia. Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti yake mwaka 1963, hawakukuta sumu wala kidudu.

Dunia inalikumbuka tukio hilo kama kichekesho. Ripoti inasema vingine. Wasichana walilia pia, walikimbia ovyo, na baadhi walieleza hofu kwamba kuna mtu anawafukuza. Nani huyo? Hapo ndipo penye filamu, na hapo ndipo kila msimuliaji alipopita haraka kwa sababu kicheko kinauza zaidi. Wachambuzi wa baadaye walitaja shinikizo la shule kali za bweni na matarajio mapya ya uhuru. Hayo yanaeleza mazingira. Hayaelezi kwa nini walimu walilala salama na watoto ndio wakapiga kelele.

Hoja ya kusitiri

Msimamo wa kwanza unashikiliwa na wazee wengi na viongozi wa dini: ya nyumbani yabaki nyumbani. Wanaoubeza hawaujui vizuri. Katika kata ambayo kila mtu anamjua mwenzake kwa ukoo, filamu inayosimulia "familia moja ya Kemondo" itapewa jina na anwani kabla haijafika nusu. Mtoto aliyefichiwa sababu ya kifo cha mama yake miaka ya 90 alifichiwa pia unyanyapaa ambao ungemfukuza shuleni. Kusitiri kuliokoa watu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 nayo imejengwa juu ya dhana iliyo karibu na hiyo: kwamba picha inaweza kuumiza watu halisi, ndiyo maana inapitiwa na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa.

Udhaifu wa hoja ya kusitiri ni mmoja, nao ni mkubwa. Sitara hii haimchagui inayemfunika. Blanketi linalomfunika aliyeumizwa ndilo linalomfunika aliyemuumiza, na kwa kawaida mwenye nguvu ndiye anayevuta upande wake. Mwaka 2024, mtoto mdogo mwenye ualbino alipochukuliwa kutoka kwao wilayani Muleba na kuuawa, polisi walitaja washukiwa kadhaa, na miongoni mwao alikuwamo mtu wa familia. Hatia ni kazi ya mahakama kuamua. Lakini kutajwa kwake tu kulitosha kuonyesha kwamba ukuta wa nyumba si kinga.

Hoja ya mafunzo

Upande wa pili ni wa mashirika na wasanii wanaotaka filamu iseme, na iseme wazi. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza mwaka 2012 kwa ufadhili wa Wamarekani, ilimtumia Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo, kuzungumzia ndoa, nyumba ndogo na afya ya uzazi. Filamu ya Aisha ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar na kutokana na kazi ya shirika la UZIKWASA la Pangani, ilikwenda mbali zaidi: mwanamke anarudi kijijini kwao kwa ajili ya harusi ya ndugu yake, anabakwa, na kijiji kinaanza kupima haki yake dhidi ya amani yao. Filamu hizi zina heshima yake. Zimewapa watu maneno ya kusema jambo ambalo halikuwa na maneno.

Ila ufadhili una bei. Mfadhili anataka kujua mwisho kabla ya mwanzo, na taharuki haiwezi kuishi mahali ambapo mwisho unajulikana. Mtazamaji akishahisi kwamba kuna somo linakuja, anakaa mkao wa mwanafunzi: anasubiri jibu sahihi, halafu anarudi nyumbani kwake akiwa mtu yuleyule. Hofu ya kweli inamfanya atazame meza yake mwenyewe.

Uchawi: lugha ya watazamaji, mlango wa kutorokea

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo Bongo Movie ilipojenga nyumba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka na baadaye Shumileta, filamu zilizoonyesha kwamba Mtanzania atanunua mkanda wa Mtanzania mwenzake kama hofu iliyomo ni ya kwao. Mwigizaji Steven Kanumba naye aligusa giza hilohilo kwa njia yake hadi alipofariki Aprili 2012. Wanaozidharau filamu hizi husahau kwamba zilisema ukweli kuhusu jinsi watu wanavyofikiri pale jambo linapowazidi. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, na bado imo kwenye vitabu vyetu. Kumtaka mwandishi aandike familia ya Kitanzania yenye msiba usioeleweka bila mtu yeyote kunong'ona neno uchawi ni kumtaka aandike uongo.

Kwa hiyo tatizo si kwamba wahusika wanaamini uchawi. Tatizo linaanza pale kamera inapouthibitisha. Chukua hadithi ya kawaida: binti haongei, anaamka usiku, anamkimbia baba yake. Dakika 40 za kwanza mtazamaji ana wasiwasi na baba. Kisha mganga anafukua hirizi chini ya kizingiti, mke mdogo anakiri, binti anapona, baba anamkumbatia. Kila alichokiona mtazamaji kwa macho yake kuhusu baba kimefutwa. Familia imeachiwa huru na hirizi, na mwanamke wa nje ndiye amelipa. Nimeona mpangilio huu mara nyingi mno kuuita bahati mbaya. Unawafaa wanaopanga bajeti, unamfaa mwenye banda, na unamfaa kila baba aliyekaa kwenye benchi la mbele.

Saikolojia nayo ina makosa yake

Wapo wanaodhani dawa ni kuleta daktari mahali pa mganga. Si rahisi hivyo. Aina hii ya filamu, kule ilikotoka, imewatenda vibaya wagonjwa wa akili: tangu Psycho, mwenye akili iliyogawanyika ndiye mwenye kisu. Katika nchi ambayo jina la Mirembe, hospitali iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, bado linatumiwa kutukana, filamu ya namna hiyo itaongeza ukatili tu. Kuna na hila ya mwisho wa kugeuza, ambapo inabainika kwamba yote yalikuwa mawazo ya mgonjwa. Hiyo ni hirizi nyingine iliyovaa koti jeupe. Aliyelalamika hakuumizwa, kumbe anaumwa.

Kikwazo kingine ni cha ufundi, na sijaona kikizungumzwa inavyostahili. Katika mabanda ya video ya Kagera, kama ilivyo Uganda ambako desturi hii ilishamiri kabla, filamu za nje hupita mdomoni mwa DJ anayetafsiri. Derek Mukandala, aliyejulikana kote kama Lufufu, aliifanya kazi hiyo kuwa sanaa kamili: alitafsiri, alitania, aliwapa wahusika majina na sababu. Lakini taharuki ya kisaikolojia inategemea kimya. Mama anaosha sufuria, mtoto anaingia, mama anasita kugeuka. Sekunde 12 bila neno, na ndani yake mna filamu nzima. DJ hawezi kuziacha sekunde hizo tupu, analipwa kuzijaza. "Huyu mama ana siri huyu!" Basi, wasiwasi umeisha, umekuwa taarifa. Watazamaji waliolelewa na sauti hiyo wamezoea kuelezwa, na waongozaji wetu wamejifunza kuwaeleza kwa muziki mzito na maneno mengi.

Maangamizi ilithubutu

Hata hivyo tunayo filamu iliyojaribu kuyabeba yote haya pamoja, na inasikitisha kwamba Watanzania wachache wameiona. Maangamizi: The Ancient One, ya mwaka 2001, iliongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, na ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania Oscar. Ya pili, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ilisubiri miaka 20 na ushei. Daktari Mmarekani mweusi, Asira, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Anakutana na Samehe, mwanamke ambaye hajasema neno kwa miaka 20, na anayetembelewa na bibi ambaye wengine hawamwoni. Chanzo cha kimya chake kiko utotoni, nyumbani kwa wazazi wake. Daktari naye, inabainika, ana jeraha lake la utotoni analolikwepa.

Amandina Lihamba, msomi na msanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye aliyemwigiza Samehe, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya bila kinywa. Shingo, macho, mikono iliyolala mapajani. Wenye kudai kwamba mtazamaji wetu hawezi kuvumilia kimya waitazame kwanza kazi hiyo.

Kwa hoja yangu, filamu hii ni ushahidi na ni kikwazo pia. Haimfukuzi bibi wa kale kwa sayansi. Inampa nafasi, inampa sauti, na daktari mwenyewe anavutwa upande wake. Je, si uchawi uleule uliothibitishwa na kamera? Jibu langu ni hapana, na tofauti yake ndiyo kiini cha jambo. Bibi huyu hamwondolei mtu hatia. Anawarudisha wanawake wawili mpaka kwenye kilichotendeka, mlangoni, na kuwalazimisha waingie. Hirizi ya Bongo Movie inafunga faili. Mzimu wa Maangamizi unalifungua. Katika Afrika Mashariki na kwingineko ninakojua, Kati Kati ya Mbithi Masya wa Kenya, ya mwaka 2016, ilikaribia njia hiyo: wafu wamekwama mahali pasipo na jina hadi kila mmoja akabili alivyokufa na alichowafanyia wengine.

Kilichokosekana katika Maangamizi ni hesabu. Maumivu yanaonekana, lakini filamu haikujishughulisha sana na nani alifaidika na miaka 20 ya kimya kile. Kagera ingeijaza nafasi hiyo.

Mizani inalalia wapi

Nikizipima hoja hizi, naegemea filamu inayomwacha mganga aongee, daktari aongee na mchungaji aongee, kisha isimkabidhi hata mmoja wao funguo za nyumba. Swali linaloibeba liwe la kibanja: siri hii ikitunzwa, nani anabaki na migomba? Mwandishi akilijibu hilo kwa ukweli, taharuki itajitengeneza. Wosia uliopotea wakati wa matanga. Msimamizi wa mirathi aliyechaguliwa haraka kabla dada hajafika kwa meli kutoka Mwanza. Kaburi moja kati ya saba ambalo halipaliliwi na hakuna anayesema kwa nini. Mtoto anayecheka shuleni na hawezi kuacha.

Gharama za njia hii ni za kweli. Itauza kidogo kuliko hirizi, angalau mwanzoni. Mfadhili atalalamika kwamba ujumbe haueleweki. Familia zitajitambua, hata kama hadithi imebuniwa kuanzia neno la kwanza, na hilo la mwisho ndilo linalotaka maandalizi yanayozidi yale ya tiketi na jenereta. Filamu ya namna hii ikionyeshwa Kemondo, ionyeshwe bila DJ, na afisa ustawi wa jamii awe palepale ukumbini, na namba 116 ya Simu kwa Mtoto ibandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa, kwa sababu kati ya waliokaa kwenye benchi atakuwepo mmoja ambaye hatauliza kama binti yule alikuwa na pepo, na atahitaji mtu wa kuzungumza naye usiku huohuo.